Mbwa king'ang'anizi haachii mpira wala kamba: nyama, mipira miwili au kutuliza kamba?

Mkazi_Goba:
Wakuu, habari za jioni. Nina dume, chotara wa Jamani Shefadi, miezi 14, kilo kama 30. Kukaa anakaa, chakula anasubiri aruhusiwe, lakini akishadaka mpira haachii. Ukimfuata anazunguka nyumba nzima. Ukishika kamba ya kuchezea anavuta kwa mwili wote. Hang'ati wala hangurumi. Njia ninazoona zikishauriwa ni tatu: kumbadilishia kwa nyama, kutumia mipira miwili inayofanana, na kushika kamba kwa utulivu mpaka alegeze. Ipi inamfaa huyu, na kwa nini? Nyumbani kuna watoto, hivyo nataka aachie kwa neno.

Mkufunzi_Kimara:
Mkuu, anza na mipira miwili. Mbwa anayekimbia na mpira huku akigeuka kuangalia kama unamfuata anatafuta mchezo, na kufukuzwa ndiyo raha yake kuu. Kuanzia leo asifukuzwe na mtu yeyote, watoto wakiwemo.

Tafuta mipira miwili pacha, rangi moja na ugumu mmoja, maana ukimpa mmoja mzuri kuliko mwingine atang'ang'ania ule mzuri. Uwe mkubwa kiasi cha kutopita nyuma ya magego na kuziba koo. Mpira wa tenisi kwa mbwa wa kilo 30 mimi siupendi: ni mdogo, na manyoya yake yakishika mchanga wa uani yanasaga meno kama msasa.

Rusha wa kwanza. Akishadaka, toa wa pili, udundishe, rudi nyuma hatua mbili tatu kama mtu anayeondoka. Usiseme kitu. Akitema tu, rusha wa pili sekunde ileile, kisha usogee taratibu kuokota uliobaki. Akishatema mara nane katika kumi bila kusita, ndipo uingize neno: sema "Toa" mara moja, tulia kidogo, halafu onyesha mpira wa pili. Mpangilio huo ndio unaoharibiwa na wengi. Mkono ukitangulia neno, mbwa anasoma mkono, na siku huna mpira wa pili anakutazama tu. Hatua ya mwisho, wa pili ukae mfukoni na utoke baada ya yeye kutema.

MamaSimba_Tabata:
Nakubaliana na Mkufunzi kwa mbwa huyu, ila nyama msiitupe. Ina mahali pake: mbwa anayeganda juu ya kitu, anageuza macho mpaka weupe unaonekana, au ananguruma. Huyo halindi mchezo, analinda mali, na mpira wa pili haumsaidii.

Maini ya ng'ombe, yachemshwe bila chumvi wala kitunguu (kitunguu ni sumu kwa mbwa), ukate vipande vya ukubwa wa harage, uvikaushe kwenye kikaango visichafue mfuko. Sema "Toa", hesabu moja, mbili, kisha mwaga vipande vitano au sita chini, hatua moja kutoka alipo. Kimoja hakitoshi, anakimeza na kurudi kabla hujainama. Akiwa anaokota, chukua kitu, kiangalie, mrudishie. Kumrudishia ndiyo kiini cha somo. Kama kila akiachia kitu kinapotea kabatini, umemfundisha kwamba kuachia ni hasara. Na maini unayompa yapunguze kwenye chakula chake cha jioni.

Udhaifu wa njia hii: mbwa akishapanda moto wa mchezo, wengi hawaioni nyama hata ikiwa puani. Hapo usimlazimishe.

Jembe_Mbagala:
Mnazunguka sana. Bana mashavu kwenye meno, taya linafunguka lenyewe.

MamaSimba_Tabata:
Hapana, kaka, na hasa nyumba yenye watoto. Taya litafunguka leo, lakini mbwa amejifunza kwamba mkono unaokuja mdomoni unaumiza. Baadaye atakimbia mapema zaidi, atameza kitu haraka, au atauma, na mtoto ndiye atakayenyoosha mkono siku hiyo. Vilevile akinguruma asipigwe, maana kunguruma ni onyo, ukilizima anauma bila taarifa. Akimuuma mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya kichaa cha mbwa.

Kigamboni_Shefadi:
Kwa upande wa kamba, njia ya kutuliza ndiyo safi kuliko zote, kwa sababu haihitaji kitu cha ziada mkononi. Kamba ikivutwa, mbwa anabana zaidi. Ikifa, hana sababu ya kubana. Kwa hiyo usivute kuelekea kwako. Shika pande zote mbili karibu na mdomo wake, ibane kwenye paja lako, na kidole kimoja kipite kwenye mkanda wa shingo asiweze kurudi nyuma. Usimnyanyue, usimkaze. Macho yako yatazame pembeni.

Mara ya kwanza inaweza kuchukua dakika nzima au mbili. Ukitikisika hata kidogo, hesabu inaanza upya, kwani kutikisika kwa kamba ndiko kulipwa kwake. Akilegeza, sema "Haya!" na mchezo urudi papo hapo, kwa nguvu. Kamba iwe nene, sentimita 60 au zaidi. Ikianza kufumuka itupe, maana nyuzi zikimezwa zinaweza kukunja utumbo na kuishia kwenye upasuaji. Watoto wa mbwa wa miezi minne hadi saba wanabadilisha meno, msivutane nao kamba kwa nguvu.

Mkazi_Goba:
Asanteni sana. Nichanganye zote au nishike moja? Na muda gani wa siku?

Mkufunzi_Kimara:
Mipira kwa mchezo wa kurusha, kutuliza kwa kamba, neno liwe hilo hilo "Toa" kwa watu wote wa nyumbani. Dakika tano asubuhi kabla jua halijawaka, tano jioni, hasa miezi hii ya joto la Dar. Ulimi ukining'inia mrefu, mpana nchani, simamisha, mpe maji kivulini. Mbwa aliyechoka kwa joto anatema ili apumue, nawe utadhani amejifunza.

MamaSimba_Tabata:
Na akiokota mfupa wa kuku barabarani, usimpime kwa "Toa" ambayo haijakomaa. Mwaga maini mbali na mfupa, mwondoe kwa kamba yake ya kutembelea. Neno litumie kwa hatari pale tu anapoachia mpira uani bila kusita, kisha ndala, kisha mfupa mkavu.