Italia kwa treni: Roma, Napoli, Firenze, Venezia, Milano... inawezekana likizo ya Desemba?

mama_shangani
Habari zenu wadau, wakubwa shikamooni. Mie mwalimu hapa Mtwara mjini, mume wangu ana mashamba ya korosho huko Tandahimba, na mwaka huu tumesema basi, kabla magoti hayajagoma tukaione Italia. Yeye anataka magofu ya Warumi, mie nataka Vatikani na makanisa ya Firenze. Tutazunguka kwa treni tu, gari hatukodi, kule wanaendesha upande wa kulia na mume wangu hata Kariakoo inamshinda 😂. Mpango ni likizo ya Desemba korosho ikishauzwa, kama siku kumi hivi: Roma, Napoli, Pompei, Firenze, Pisa, Siena, Venezia na Milano. Je inawezekana? Na ninunue ile pasi ya kupanda treni yoyote au tiketi moja moja, na ninunue lini maana nasikia za mapema ndo bei chee?

baharia_mstaafu
Marahaba mwanangu. Miji minane siku kumi hiyo sio likizo, huo ni utingo. Nimetia nanga Genova na Napoli enzi zangu, treni zao za haraka sasa hivi zinafika 300 kwa saa ila wewe na mabegi yako hamfiki huko, kila ukihama mji nusu siku imekwenda, ufunge begi, utoke hotelini, usubiri, ufike utafute hoteli nyingine. Lala Roma, Firenze na Venezia, basi. Roma mpaka Firenze saa moja na nusu, Firenze mpaka Venezia masaa mawili na kitu. Pisa unaenda kutoka Firenze kwa treni ya kawaida kama saa moja unarudi jioni, begi umeliacha hotelini. Siena nayo hivyo hivyo ila stesheni ya Siena iko chini mji uko juu kilimani, kwa hiyo basi la kutoka Firenze linakushusha karibu zaidi. Milano achana nayo, mzee wa magofu hana shida nayo.

Pompei usiifute. Roma mpaka Napoli ni saa moja na dakika kama kumi, pale pale Napoli unashuka ngazi unapanda katreni ka Circumvesuviana mpaka Pompei Scavi, ukitoka stesheni geti la magofu hilo hapo. Mji mzima ulifukiwa na Vesuvius mwaka 79, barabara zake bado zina mitaro ya magurudumu ya mikokoteni. Hako katreni kanajaa kweli, simu weka mfuko wa mbele.

binti_nachingwea
Mwalimu shikamoo. Nilisoma Bologna kwa hiyo treni zao nazijua vizuri (sisi wa Nachingwea tulikuwa na reli yetu ya karanga hadi bandarini Mtwara ikang'olewa miaka ya 60, labda ndo maana nikiona treni natabasamu tu). Pasi usinunue. Kwa miji mitatu haikulipi, halafu ukiwa nayo bado zile treni za haraka, Frecciarossa, unalipia siti tena. Tiketi moja moja ndo mpango. Kuna Frecciarossa ya Trenitalia, shirika la reli la serikali, na kuna Italo ya kampuni binafsi, ilianza 2012, zinapita njia moja zinagombania abiria, so angalia bei kotekote.

Hizi za haraka bei inapanda kadri siku inavyokaribia, za mapema ni rahisi kweli, ila soma masharti: ile ya chini kabisa Super Economy hubadilishi wala hurudishiwi hela. Base ni ghali lakini tarehe unabadilisha. Treni za kawaida wanaita Regionale, za Pisa na Siena ndo hizo, bei yake haipandi, unanunua siku hiyo hiyo. Kama umepewa karatasi LAZIMA uigonge kwenye kimashine pale stesheni kabla hujapanda, na kama umenunua kwenye simu kuna kuchekini, usipofanya mkaguzi anakupiga faini na kusema mie mgeni hakusaidii kitu.

Kingine, ubao wa stesheni unaandika mwisho wa safari. Uko Roma unaenda Firenze, ubao unasema Venezia au Milano, watu wanasimama wanashangaa treni inaondoka. We fuata namba ya treni iliyo kwenye tiketi. Na Venezia ushukie Santa Lucia sio Mestre, Mestre ni bara. Ukitoka mlango wa Santa Lucia maji haya hapa mbele yako, hakuna gari, na madaraja yana ngazi kwa hiyo begi liwe dogo, nasisitiza DOGO.

Migomo nayo ipo sana, hutangazwa kabla. Siku za kazi kuna treni za kawaida zilizohakikishwa saa 12 hadi 3 asubuhi na saa 12 hadi 3 usiku, panga humo.

mkuu_ligula
Mnampangia mwalimu treni viza hana. Dada, tatizo lako ni Desemba. Viza ya Schengen (ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, Italia ikiwemo) mnaiomba Dar, wote wawili mwende wenyewe kuchukuliwa alama za vidole, ada yuro 90 kila mtu, bima isiyopungua yuro 30,000, na stetimenti za benki za miezi ya nyuma. Sasa hela ya korosho inaingia lini? Oktoba, Novemba, wengine mpaka Desemba yenyewe. Afisa anaona akaunti ilikuwa inasoma laki mbili tatu mwaka mzima halafu ghafla mamilioni, anajiuliza hizi kaazimwa na nani. Acha hela ikae benki, ombeni Machi Aprili, msafiri likizo ya Juni. Mapema kabisa ni miezi sita kabla, kwa hiyo muda upo. Na stakabadhi za chama cha msingi ziambatanishe, zinaonyesha chanzo.

Treni lipia VIZA IKISHATOKA. Kwenye maombi weka ratiba na hoteli za kughairi bure, sio hiyo Super Economy.

binti_nachingwea
Naunga mkono, ila Juni joto na watu wamejaa. Tiketi za Colosseum (ule uwanja wa kale wa Warumi pale Roma) na Vatikani zilipiwe onlaini kabla. Makumbusho ya Vatikani Jumapili yanafungwa isipokuwa ile ya mwisho wa mwezi, makumbusho ya Uffizi ya Firenze yanafungwa Jumatatu. Venezia siku nyingi za wikiendi kuanzia Aprili hadi Julai wageni wa kutwa wanalipa yuro 5, ukichelewa 10. Mkilala hamlipi lakini mnajiandikisha, na ukilala Mestre inahesabika umelala Venezia, hoteli za huko ni nafuu na treni ni dakika kumi tu. Maji Roma msinunue, mabomba ya mtaani yanatoka bure na ni masafi.

mama_shangani
Jamani asanteni, kweli hilo la benki sikuliwaza kabisa. Basi Juni. Mume anakubali kuacha Milano kwa masharti Pompei ibaki. Mie nilisoma Ndanda, wale watawa Wabenediktini walitutajia sana Monte Cassino, iko njia hiyo hiyo ya Napoli au najichanganya?

baharia_mstaafu
Iko. Treni ya kawaida kutoka Termini, stesheni kuu ya Roma, mpaka Cassino kama masaa mawili, abasia (nyumba ya watawa) iko juu mlimani kwa hiyo ulizia basi la kupanda kabla hamjaondoka maana kwa mguu ni mbali. Mtakatifu Benedikto aliianzisha karne ya 6, ndege za Marekani na wenzao zikaibomoa Februari 1944, ikajengwa upya. Msiichanganye na Pompei siku moja.

mkuu_ligula
Na mkiweza muwe Roma tarehe 29 Juni, Petro na Paulo, ni sikukuu ya mji. Hoteli ya siku hizo ibukuni mapema, na kanisani mabega na magoti yafunikwe, mwalimu beba kanga mbili.