Mafuta ya plastiki kwenye injini ya dizeli, inawezekana kweli au ni changa la macho?

pampu_ya_zamani: Wakuu habari, naona video jamaa wanapika plastiki kwenye tanki lililofungwa, upande wa pili yanadondoka mafuta, wanamimina kwenye jenereta na linawaka. Mimi nina injini ya silinda moja ya kuvuta maji, inakunywa dizeli balaa, na machupa ya maji yamezagaa kila kona. Nikiyapika si napata dizeli ya bure?

Nozeli: Mafuta yanatoka kweli, ila kwa machupa ya maji umechemka. Zile ni plastiki aina ya PET, namba 1, hazitoi mafuta ya maana, zinatoa unga wa asidi unaoganda kwenye bomba la kupoozea mvuke mpaka linaziba, na bomba likiziba huku moto unawaka chini basi hilo tanki ni bomu. Tafuta namba 2, 4 na 5, yaani madumu, ndoo, mifuko, vifuniko (namba inakuwa chini ya chombo, ndani ya kile kipembetatu cha mishale). Namba 3 ni PVC, plastiki ya mabomba, hiyo usiguse kabisa, inatoa asidi inayokula chuma na mapafu yako.

mzee_wa_gereji: Na mjue kinachotoka sio dizeli bado. Ukipika bila hewa kwenye nyuzi 400 hadi 500 hivi unapata mchanganyiko, petroli imo, mafuta ya taa yamo, dizeli imo na nta pia. Wale wa video hawaonyeshi hatua ya pili, kuyachemsha upya na kuchukua yale yanayotoka kama kati ya nyuzi 180 na 360. Ukimimina hivyo hivyo, petroli iliyomo inafanya injini igonge na pampu ikose ulainisho, halafu kukiwa na baridi nta inaziba filta.

pampu_ya_zamani: Duh. Na nikichanganya na dizeli ya kawaida?

mzee_wa_gereji: Yakishachemshwa upya sawa, anza na kidogo, hizo injini za zamani zinavumilia. Komoni reli, zile injini za kisasa zinazopuliza dizeli kwa presha kubwa, usithubutu, nozeli zake hazitaki mchezo. Na usiyaweke muda mrefu, yanageuka meusi na kufanya gundi.

Nozeli: Ile gesi isiyogeuka kuwa mafuta hata ikipoozwa usiiachie hewani, wengi wanairudisha chini ya tanki iwe moto wa kupikia, ila lazima ipite kwenye maji kwanza moto usirudi ndani. Na tanki likiwa bado la moto usilifungue, hewa ikiingia tu linaweza kulipuka.

pampu_ya_zamani: Mmh, ngoja kwanza ninunue dizeli wakuu 😅