Baada ya mlipuko mgodini, kwa nini waokoaji wazuiwe kuingia?

Mdadisi_K
Wakuu, naomba kueleweshwa. Mgodi wa makaa ya mawe wa Pike River, New Zealand, ulilipuka tarehe 19 Novemba 2010, watu 31 wakiwa ndani; wawili wakatoka, 29 wakabaki. Timu za uokoaji zilifika na vifaa vyao, zikazuiwa langoni. Tarehe 24 ukalipuka tena, matumaini yakaisha. Wapo wanaoshikilia kwamba saa za mwanzo ndizo salama kuingia, maana methani, gesi ya kulipuka inayotoka kwenye makaa, imeshaungua. Hoja hiyo ina mashiko? Na aliye ndani afanye nini?

FeniKuu
Haina mashiko, mkuu, labda uwe na vipimo vya hewa ya ndani. Methani hulipuka ikiwa asilimia 5 hadi 15 ya hewa. Mlipuko huunguza iliyokuwepo, lakini makaa hayaachi kuitoa, na sasa kuta za kuelekeza hewa zimebomoka na feni imezimika. Pike River feni kuu ilikuwa chini humo humo mgodini, nayo ikaharibika. Gesi inajikusanya upya huku mahali fulani makaa yanafuka. Ikizidi asilimia 15 haiwezi kulipuka, na hapo ndipo wengi hujidanganya: hewa safi ikiingia inaishusha, na katika kushuka ni lazima ipite tena kati ya 15 na 5.

Kwa hiyo kwanza umeme wa chini ukatwe kutokea juu. Feni iliyozimika isiwashwe, inayozunguka isizimwe, mpaka hewa inayotoka mgodini ipimwe: methani, oksijeni, monoksidi ya kaboni (gesi yenye sumu inayotokana na moto), haidrojeni. Kipimo kimoja hakitoshi. Pima tena na tena uone inaelekea wapi. Oksijeni ikiwa chini ya asilimia 12 hivi, methani hailipuki. Monoksidi ndiyo inayosumbua kusoma, kwa sababu mlipuko wenyewe umeacha nyingi. Ikizidi kupanda wakati ilitakiwa ipungue, kuna moto. Pike River hapakuwa na mtandao wa mirija ya kuvuta sampuli kutoka sehemu za ndani hadi juu, na hilo kwangu ndilo kosa kubwa kuliko uamuzi wa kusubiri. Huwezi kumtuma mtu kwenye hewa usiyoijua.

Lango2
Niongezee upande wa timu. Huingia watu watano au sita, kila mmoja na kifaa cha kupumulia cha mzunguko uliofungwa: hewa unayotoa hupita kwenye chokaa ya soda inayonyonya kaboni dioksidi, huongezewa oksijeni, ikakurudia. Kinadumu kama saa 4. Oksijeni ya kurudi hupigiwa hesabu mara mbili ya ile ya kwenda, kwani huenda mkarudi mmebeba mtu. Timu ya pili hukaa kwenye kituo cha hewa safi ikiwa tayari kuingia. Bila hiyo, ya kwanza haisogei.

Na si gesi tu. Mgodi wa Crandall Canyon, Utah, Marekani, Agosti 2007, waokoaji walikuwa wakiondoa kifusi kuwafikia wenzao 6. Kuta za makaa zikapasuka kwa uzito wa mlima na kuua waokoaji 3.

Mshipi
Kwa aliye ndani: vaa papo hapo kifaa cha kujiokolea, kile kidogo cha kupumulia cha kutorokea, usingoje kuona moshi. Monoksidi haina harufu. Bana pua, ng'ata mdomo wa kifaa, usiutoe ili uongee. Hewa yake itakuwa ya moto na kavu; wengi huutoa wakidhani kimeharibika, kumbe ndivyo kinavyofanya kazi. Vipo vya aina mbili: kinachotoa oksijeni, na cha kichujio kinachoondoa monoksidi tu. Kile cha kichujio hakitengenezi oksijeni, kwa hiyo hakifai pale oksijeni ilipopungua.

Kisha fuata kamba ya kutokea. Ina vipande vyenye umbo la pia: mkono ukiteleza juu yake, unatoka, ukigonga upande bapa, unarudi ndani.

Kujifungia ni hatua ya mwisho. Mgodi wa Sago, West Virginia, Januari 2006, baada ya mlipuko watu 12 walijikinga nyuma ya pazia la kuelekeza hewa. Walifikiwa baada ya saa 41 hivi, mmoja tu akiwa hai. Pazia halizuii monoksidi ipasavyo. Siku hizi kanuni za Marekani zinadai hifadhi za chini ziwe na hewa ya saa 96.

Mdadisi_K
Nimeelewa, asanteni. Je, maji yakiingia?

FeniKuu
Hapo kasi inasaidia. Quecreek, Pennsylvania, Julai 2002, wachimbaji walitoboa mgodi wa zamani uliojaa maji, kwa sababu ramani waliyokuwa nayo haikuonyesha ulikoishia. Kilitobolewa kishimo cha sentimita 15 hivi kutoka juu, hewa ya shinikizo ikasukumwa humo, ikayazuia maji yasiwafikie watu 9. Shimo la kuwatolea lilichelewa baada ya keekee kukatikia ndani. Tena halikupaswa kufunguliwa kabla pampu hazijashusha maji vya kutosha: shinikizo likitoka ghafla, maji yanapanda. Wote 9 walitolewa hai, mmoja mmoja, kwa kidude cha chuma, baada ya saa 77 hivi.