Safari ya wanafunzi toka Moshi kwenda kuangalia nyangumi Pangani, naombeni ushauri

mwl_baiolojia: Habari za jioni wakuu. Nafundisha hapa Moshi, mwezi wa tisa tunashuka Pangani na wanafunzi 24 wa form six. Wengi bahari hawajawahi kuiona, maji makubwa wanayoyajua ni Ziwa Chala na Nyumba ya Mungu, na wazazi wawili washanipigia wanaogopa nyangumi atapindua boti. Hivi tutawaona kweli? Na eti ukifuata ndege unampata nyangumi?

mtoto_wa_pwani: Mwalimu hongera sana, ningepata mwalimu kama wewe. Mi nimekulia huko, sa hivi niko Arusha. Mwezi wa tisa ni wakati wenyewe, nyangumi wa nundu wanapanda toka Antaktika kuanzia mwezi wa saba wanakuja kuzaa kwenye maji ya uvuguvugu, mpaka kama wa kumi na moja wanarudi. Ila kuwaona ni bahati, waambie watoto mapema. Tokeni alfajiri kabla upepo wa kusi haujachachamaa, na nahodha akimwona mama na mtoto asimfukuze, apunguze mashine akae mbali, hapo ndo hatari inapungua sana. Utaanza kuona mvuke unaruka juu kama sufuria limefunuliwa, halafu mgongo mweusi unapita taratibuu, sauti ya ile pumzi inakufikia baadae kidogo. Sijawahi kuizoea.

mama_ndege_AR: Hapo kwa ndege ngoja niseme mwalimu maana watu wengi wanachanganya. Membe wakijikusanya wanapiga mbizi ujue chini kuna jodari wanawasukuma dagaa juu, sio nyangumi. Huyu wa nundu chakula chake anakula kule kwenye baridi, huku kwetu anaishi kwa mafuta ya mwilini karibu muda wote, mama ananyonyesha na yeye hali. Hilo peke yake ni somo zima la kidato cha sita! Ila ndege wahesabuni, msiwapite. Mkishuka fungu la mchanga la Maziwe kaeni mbali nao, kuna mmoja mweupe mgongo mweusi mdomo mnene anakula kaa, anakuja kwetu akimaliza kuzaa huko Somalia na Uarabuni. Na waandike kwa penseli, peni ikipata maji ya chumvi daftari lote linavuja wino, mi nilipoteza kazi ya siku mbili.

mwl_baiolojia: Asanteni mno, hiyo ya mama kunyonyesha bila kula sikuwahi kuifikiria. Boti moja kubwa au mbili za watu 12?

mtoto_wa_pwani: Mbili, na kila mtoto avae laifujaketi kabla hajakanyaga boti. Dawa ya kutapika wameze saa moja kabla, wale uji na tangawizi, na anayezidiwa mwambie aangalie kule mbali bahari inapokutana na mbingu, asiinamie daftari.