MREJESHO: Mume wangu na ndoto za kutisha baada ya chakula cha usiku

Habari zenu wapendwa. Niliuliza hapa kwa nini mume wangu hushtuka usiku akipiga kelele, hasa akila kwa kuchelewa na kushushia maziwa. Nawashukuru wote mliojibu. Dada nesi uliyenieleza kwa kina, Mungu akubariki sana.

Tulianza na ushauri wake: chakula saa moja jioni badala ya saa nne, pilipili iwe ya mchana. Kiungulia kimeisha kabisa, ila ndoto ziliendelea. Kilicholeta mabadiliko ni kuacha maziwa usiku. Kumbe yanamjaza gesi. Tumbo likisumbua usingizi unakatika-katika, na mtu akizinduka katikati ya ndoto ndipo anaikumbuka vizuri. Aliyetaja utafiti wa Kanada wa 2025 alinifungua macho: waliulizwa wanafunzi 1,082, na wale ambao matumbo yao hayapatani na laktosi, yaani sukari ya maziwa, walielekea kuota vibaya zaidi. Ni uhusiano tu, si uthibitisho, lakini kwa mume wangu imeendana. Mtindi anakunywa bila shida.

Maji ya moto na asali hayakusaidia. Na ndoto hazijaisha zote: akiwa na mawazo ya kazi bado hushtuka, hata kama amekunywa uji mwepesi tu. Hizo sidhani zinatokana na chakula, kwa hiyo atamwona daktari. Mwenye shida kama yetu aanze kwa kuacha maziwa ya usiku. Asanteni sana.