Mke wangu anataka tuandike wosia, mimi naona kama tunajichulia. Mnashauri nini wakuu?

Baba Wawili
Habari zenu wakuu, naombeni ushauri kwa wenye uelewa. Tangu rafiki yake afiwe na mume, mke wangu hanipi nafasi, kila tukikaa ni wosia wosia. Sisi bado vijana, watoto wawili wote wadogo, mali yenyewe ni nyumba ambayo mkopo wake haujaisha, gari, akiba kidogo benki na bima ya maisha niliyokata zamani kabla hata sijaoa. Mi nilijua wosia ni mambo ya wazee na matajiri, na kusema ukweli kukaa mezani kuanza kuandika "nikifa" naona ni uchuro mtupu. Si nikiondoka kila kitu kinakuwa cha mke na watoto moja kwa moja? Na ndugu zangu tunaelewana vizuri tu, sitegemei vurugu.

Shangazi Mkavu
Kabla ya wosia nijibu kitu kimoja. Kwenye fomu ya hiyo bima, mnufaika uliandika nani?

Baba Wawili
Kaka yangu mkubwa. Sijawahi kubadilisha.

Shangazi Mkavu
Ndo hapo sasa. Sehemu nyingi bima ya maisha na mafao ya pensheni wanalipa jina lililopo kwenye fomu, hawaangalii wosia unasema nini wala nani anakulelea watoto. Kwahiyo ukiondoka leo hela inaenda kwa kaka yako kihalali kabisa, labda atampa shemeji yake labda hatampa, na hapo hajaiba kitu cha mtu. Wiki hii nenda ukabadilishe hiyo fomu, haihitaji hata wakili. Ukimaliza hapo hamia kwenye fomu ya pensheni kazini.

Halafu hilo la "moja kwa moja" lisahau. Benki wakishajua mwenye akaunti amefariki wanaifunga mpaka iletwe karatasi ya mahakama inayoonyesha nani msimamizi wa mirathi, labda kama akaunti ni ya pamoja na mliandikishana kwamba anayebaki anaendelea nayo. Bila wosia sheria ndo inagawa, haijali ulikuwa unamwambia mkeo nini jioni. Inaweza ikawapa hata wazazi wako sehemu. Na huyo msimamizi anapatikana kwa vikao, ukoo unakaa, huyu anamtaka yule hamtaki, wakati huo rejesho la nyumba linadaiwa kila mwezi na benki haina matanga.

Kobe Mpole
Mi nilikwepa hayo yote, niliandikisha kiwanja na nyumba kwa majina ya watoto. Sitaki mahakama.

Shangazi Mkavu
@Kobe Mpole watoto wako wana miaka mingapi? Kama hawajafika umri wa utu uzima hawawezi kusaini kitu, kwahiyo siku ukitaka kuuza au kukopea hiyo nyumba ukiwa hai na njaa yako, utaenda mahakamani kuomba ruhusa ya kuuza nyumba uliyoijenga mwenyewe. Mahakama uliyoikimbia itakupokea mlangoni 😅

Nahodha wa Bara
Mtoa mada umeongelea mali tu ila kwa mtu mwenye watoto wadogo mali ni jambo la pili. Mkiwa wote wawili mmepata ajali, nani anawalea? Kwenye wosia unataja mlezi na wa akiba wake, na muulizeni kwanza sio ashtukizwe msibani. Tena mlezi na mshika hela wanaweza wasiwe mtu mmoja, kuna dada anajua kulea ila pesa ikikaa kwake haivuki mwezi, sote tunao kwenye familia.

Kitu kingine watu hawakigusi ni kuumwa. Ukipata kiharusi ukawa hai ila huongei, wosia haufanyi kazi maana hujafa. Hapo inatakiwa hati ya kumpa mkeo mamlaka ya kukusimamia, na iandikwe wazi kwamba inaendelea hata akili yako ikishindwa, maana sehemu nyingine ile ya kawaida inakufa hapohapo unapoihitaji. Ukishafariki nayo inaisha, anaingia msimamizi.

Ustadh Kijana
Kwa Waislamu nyongeza kidogo. Mafungu ya warithi yameshapangwa, wosia wako haupiti theluthi moja ya mali na mrithi hausiwi juu ya fungu lake isipokuwa warithi wenzake waridhie. Ila usikae ukasema basi mi sihitaji kuandika. Deni lako nani analijua? Amana za watu ulizoshika? Madeni yanalipwa kwanza kabla mtu hajarithi hata kijiko, na kama hukuandika wanao wataamini kila atakayekuja msibani na daftari.

Baba Wawili
Duh. Sasa naweza kuandika mwenyewe kwenye karatasi nikaficha kabatini?

Nahodha wa Bara
Usifiche. Aretha Franklin, yule mwimbaji wa Marekani, alifariki 2018 familia ikijua hakuna wosia, mwaka uliofuata zikapatikana karatasi za mkono, nyingine zilikuwa kwenye daftari chini ya mito ya sofa, watoto wakaburuzana mpaka 2023 ndo baraza la mahakama likasema ya 2014 ndiyo halali. Mwambie msimamizi uliyemtaja orijino iko wapi. Na pasiwedi usiziandike humo ndani, wosia ukishafika mahakamani sehemu nyingi mtu yeyote anaweza kuusoma.

Baba Wawili
Sawa nimewaelewa, fomu ya bima naanza nayo. Mashahidi je, shemeji yangu mke wa kaka anaweza kusaini? Kaka nataka nimwachie gari.

Shangazi Mkavu
Hapana. Anayeachiwa kitu asiwe shahidi, na mume au mke wake pia asiwe, sehemu nyingi shahidi wa hivyo anamkosesha kaka yako hilo gari. Tafuta wawili wa kazini wasio na chochote humo, wote wawe chumba kimoja wakikuona unasaini, halafu nao wasaini palepale. Sheria za kwenu muulize wakili, saa moja inatosha. Na mtoto wa tatu akija unaandika upya.