Naombeni ushauri: Dracula nimsome kama mgeni mvamizi au kama hofu ya wanaume kwa wanawake?

Wakuu habari zenu, nina insha ya fasihi kuhusu ishara kwenye riwaya za zamani za wanyonya damu na nimekwama kwenye kuchagua hoja.

Ya kwanza ni Dracula kama mgeni. Riwaya hiyo ya Bram Stoker imetoka 1897 Uingereza ikiwa na makoloni kila kona, halafu anatokea bwana wa Transylvania, kule Ulaya mashariki, anajifunza Kiingereza, ananunua nyumba karibu na London na anasafirisha masanduku ya udongo wa kwao kwa meli, yaani mkoloni anaogopa kufanyiwa alichowafanyia wenzake! Na karibu kitabu kizima ni shajara na barua za wanaomuwinda, yeye mwenyewe hapewi nafasi ya kusimulia.

Ya pili ni wanawake, na hapa ndo utamu ulipo. Lucy, msichana anayenyonywa damu na Dracula, anachumbiwa na wanaume watatu siku moja, akianza kuugua anaongezewa damu ya wanaume wanne, baadae akishageuka mnyonya damu anapigwa mti wa moyoni na mchumba wake mwenyewe. Rafiki yake Mina anayejua kutaipu na kupanga nyaraka zote anapona. Sidhani kama ni bahati tu.

Sasa kuna Carmilla, mnyonya damu wa kwenye riwaya fupi ya 1872, mwanamke, anakaribishwa ndani kama mgeni wa heshima na anamng'ang'ania binti wa nyumba. Nikimwingiza hoja ya pili inanoga ila ya kwanza inayumba, maana Carmilla havamii kutoka mbali, ni ukoo wa hapohapo.

Mngekuwa nyie mngebaki na ipi? Au zinaungana? Wa mumiani mnisamehe, mwalimu kataka za Ulaya tu.